Anayependwa na anayeuzika: nani apewe kura kwenye mchujo wa urais Marekani?

Swali la msomaji: "Naishi Minneapolis na nimepata uraia mwaka jana. Mchujo wa urais wa 2028 ndio utakuwa wangu wa kwanza, na nitapiga kura upande wa Democratic. Mume wangu ananiambia nimchague ninayempenda. Shemeji yangu anasema kumpigia mtu asiyeweza kushinda Novemba ni kutupa kura. Wote wawili wanatolea mfano 2020, Biden na Sanders, na kila mmoja anaona mfano huo unamuunga mkono yeye. Nani yuko sahihi? Na mtu wa kawaida anajuaje nani anaweza kushinda?"

Jibu:

Dada, mumeo anauliza nani anafaa kuwa rais. Shemeji yako anauliza nani atamshinda mgombea wa chama kingine. Mchujo unakutaka ujibu maswali yote mawili kwa alama moja ya kalamu, ndiyo maana mabishano hayaishi mezani kwenu. Swali la mumeo unaweza kulijibu mwenyewe, kwa sababu unajua unachokipenda. La shemeji yako ni gumu kuliko anavyolifanya lionekane, kwa kuwa linakudai ujue mioyo ya watu usiowahi kukutana nao, huko Wisconsin, Georgia na Arizona, majimbo yenye ushindani mkali kati ya vyama viwili.

Tuweke maneno sawa kwanza. Tanzania "kura za maoni" ni kura za ndani ya chama za kumpata mgombea. Kenya maneno hayohayo ni kuuliza watu wana maoni gani, au hata kura ya wananchi wote kuhusu katiba. Kwa hiyo hapa kura ya ndani ya chama ni mchujo, na kuuliza watu kwa simu au mtandaoni ni utafiti wa maoni. Kile anachokisema shemeji yako tayari kina jina zuri katika siasa za Tanzania: mgombea anayeuzika.

Sasa twende 2020, maana mfano huo una mengi kuliko wanavyoutumia hao ndugu wawili.

Kwa karibu mwaka mzima kabla ya kura, Joe Biden ndiye aliyetajwa zaidi na wafuasi wa Democratic kuwa mtu wa kumtoa Trump. Hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa yake kuu. Kisha kura zikaanza. Iowa, tarehe 3 Februari, akawa wa nne. New Hampshire, tarehe 11, akawa wa tano kwa asilimia 8.4 na hakupata mjumbe hata mmoja (wajumbe ndio humteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama). Nevada, tarehe 22, akawa wa pili, mbali sana nyuma ya Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto. Ndani ya wiki hizo tafiti za kitaifa zilimporomosha. Sera zake hazikuwa zimebadilika, wala umri wake, wala historia yake. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa akijinadi kuwa mshindi alishindwa hadharani, na hoja ya kuuzika haivumilii jambo hilo. Mgombea anayependwa kwa sera zake anaweza kushindwa mara tatu akabaki na watu wake. Aliyeshikwa kwa sababu tu anadhaniwa atashinda, akishindwa mara moja watu wanaanza kutazama pembeni.

Tarehe 26 Februari mbunge Jim Clyburn wa South Carolina akatangaza kumuunga mkono. Tarehe 29 jimbo hilo, ambalo Wamarekani Weusi ni zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo wa Democratic, likampa Biden asilimia 48.7 dhidi ya 19.8 za Sanders. Tarehe 1 Machi Pete Buttigieg, mgombea mwenzake wa msimamo wa kati, akajiondoa. Tarehe 2 akafuata Amy Klobuchar, seneta wenu wa Minnesota, na jioni hiyohiyo wote wawili wakawa Dallas kumuunga mkono Biden. Tarehe 3, Jumanne Kuu (Super Tuesday, siku majimbo mengi yanapopiga kura pamoja), Biden akachukua majimbo 10 kati ya 14.

Tazama Minnesota kwa karibu. Mwaka 2016 Sanders alimshinda Hillary Clinton hapo kwa zaidi ya asilimia 61. Mwaka 2020 Biden hakuwa amefanya kampeni ya maana katika jimbo hilo, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa la Klobuchar. Siku moja tu baada ya Klobuchar kujiondoa, Biden akapata asilimia 38.6, Sanders 29.9, seneta Elizabeth Warren 15.4. Watu hawakusoma sera mpya usiku huo. Walichopata ni habari moja: wengine wengi wanakwenda kwa Biden.

Hapo ndipo nilipo na shemeji yako, na hapohapo ndipo ninapoachana naye. Kuuzika kupo, na kunaamua michujo. Lakini hakumo mwilini mwa mgombea kama urefu. Ni makisio yako kuhusu makisio ya wengine, nao wanakisia kukuhusu wewe. Ndiyo maana yanaweza kugeuka ndani ya saa 72. Na ndiyo maana Biden huyohuyo aliyeuzika 2020, mwaka 2024, baada ya mdahalo wa tarehe 27 Juni kule Atlanta, alisukumwa pembeni na watu wa chama chake kwa hoja ileile ya kwamba hauziki, akajiondoa tarehe 21 Julai.

Kuna jambo jingine la 2020 ambalo mumeo atalifurahia. Kule New Hampshire wapiga kura walihojiwa walipokuwa wakitoka vituoni: unamtaka mgombea mnayekubaliana kwenye masuala, au atakayemshinda Trump? Takriban sita katika kila kumi walijibu atakayemshinda Trump. Halafu angalia walivyopiga: Sanders asilimia 25.6, Buttigieg 24.3, Klobuchar 19.7. Walitaka kitu kimoja, wakampigia kila mtu wake. Maana yake wengi huanza kwa kumpenda mtu, kisha hesabu ya kwa nini atashinda hufuata nyuma. Aliyempenda Sanders aliona vijana wapya watajitokeza. Aliyempenda Klobuchar aliona kura za vijijini. Kwa hiyo shemeji yako akisema "fulani anauzika", muulize kwanza kama huyo fulani si ndiye anayempenda tangu mwanzo.

Kinyume chake pia hutokea, na kwangu ndilo kosa baya zaidi: mtu kumwacha anayempenda kwa hofu ya ubaguzi wa wengine. Juni 2019 kampuni ya Avalanche iliwauliza wafuasi wa Democratic swali la kawaida, ungempigia nani leo, na Biden akaongoza. Kisha ikauliza: ungekuwa na fimbo ya miujiza ya kumfanya yeyote awe rais bila uchaguzi, ungemchagua nani? Warren akapanda juu. Pengo kati ya majibu hayo mawili ni bei ya hofu. Mtafiti Regina Bateson alionyesha jinsi Wamarekani wanavyowaona wanawake na watu weusi kuwa hawauziki hata sifa zao zikiwa sawa na za wanaume wa Kizungu. Mpiga kura mwenyewe hana chuki, lakini anaamini jirani yake anayo. Kila mmoja akiamini hivyo, mwanamke anashindwa kwenye chumba kilichojaa watu wanaomtaka.

Wenye asili ya Kenya mnakumbuka 2008 ilivyokuwa. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, hakuwa na uhakika wa kura za Weusi wa South Carolina. Mwaka 2007 wengi wao walikuwa na Hillary Clinton. Walimpenda Obama, ila hawakuamini Wazungu watampigia. Tarehe 3 Januari 2008 Iowa, jimbo la Wazungu karibu watupu, ikampa ushindi kwa asilimia 37.6. Siku 23 baadaye South Carolina ikampa 55 dhidi ya 27 za Clinton, na kati ya Weusi karibu wanane katika kila kumi walikuwa wake. Iowa haikuwafundisha lolote jipya kuhusu Obama. Iliwafundisha kuhusu Wazungu wa Iowa.

Sasa swali lako la pili, mtu wa kawaida atajuaje. Ushahidi upo wa aina nne, na uzito wake haulingani.

Wa kwanza ni tafiti za ana kwa ana, zile zinazouliza "Mgombea X dhidi ya mgombea wa Republican, ungempigia nani?" Hizi ndizo zitakazojaa kwenye simu yako, na ndizo dhaifu kuliko zote mwaka mmoja kabla ya kura. Julai 1988, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, Michael Dukakis alimwongoza George H. W. Bush kwa pointi 17 katika utafiti wa Gallup. Novemba alishindwa kwa karibu pointi 8, akaambulia majimbo 10 na Washington, D.C. Na hiyo ilikuwa Julai ya mwaka wa uchaguzi wenyewe, sembuse tafiti za mwaka mzima kabla.

Ukizisoma, fanya hesabu hii. Chukua idadi ya waliohojiwa, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawa moja kwa jibu hilo. Watu 600: kipeuo ni karibu 24.5, kwa hiyo kiwango cha makosa ni karibu pointi 4 juu au chini kwa kila mgombea. Lakini wewe hutazami mgombea mmoja, unatazama pengo kati ya wawili, na makosa ya pengo ni karibu mara mbili, yaani pointi 8. Mgombea wako akimwongoza yule wa Republican kwa 3, na mwenzake wa Democratic akiwa nyuma ya huyohuyo kwa 2, utafiti huo haujakuonyesha tofauti yoyote. Na wakikuambia "vijana wanamtaka fulani", uliza vijana wangapi. Wakiwa 90 ndani ya wale 600, makosa yao ni zaidi ya pointi 10.

Kuna mtego ndani ya tafiti hizi ambao magazeti hayausemi. Huu ni mfano wa kubuni. X anajulikana nchi nzima: anapata 48, mpinzani 46, wasioamua 6. Y ni gavana asiyejulikana: anapata 43, mpinzani 45, wasioamua 12. Kichwa cha habari kitasema X anaongoza, Y anashindwa. Lakini wale sita wa ziada wasioamua kwa Y ni akina nani? Mara nyingi ni wafuasi wa Democratic ambao hawajawahi kusikia jina la Y. Watano wakirudi chamani na mmoja akaenda upande wa pili, Y anakuwa 48 kwa 46, sawasawa na X. Pengo lote la pointi nne lilikuwa la kutofahamika jina. Kwa hiyo usilinganishe uongozi wa wagombea kabla hujalinganisha safu ya wasioamua.

Tena namba sawa huweza kupikwa kwa viungo tofauti. Mapema 2020 watafiti David Broockman na Joshua Kalla walihoji watu zaidi ya 40,000. Kwa juu juu Sanders alionekana kufanya vizuri dhidi ya Trump kama wenzake. Walipoipasua namba, wakakuta anapoteza watu wa katikati ambao Biden au Buttigieg wangewapata, na anafidia kwa vijana waliosema watapiga kura akiwa yeye tu, la sivyo watakaa nyumbani. Ili hesabu itimie, ushiriki wa vijana ungehitaji kupanda kwa karibu pointi 11. Je, ungepanda? Mchujo wenyewe ulitoa dokezo. Virginia, waliopiga kura upande wa Democratic walikuwa kama 785,000 mwaka 2016. Mwaka 2020 wakafika zaidi ya milioni 1.3. Ongezeko kubwa kweli, lakini lilitoka sana kwenye vitongoji vya watu wenye kipato cha kati, na Biden akachukua asilimia 53. Mgombea anapodai ataleta wapiga kura wapya, mchujo ni mahali pake pa kuwaonyesha.

Ushahidi wa pili ni rekodi: mtu huyu alishafanya nini mahali pagumu? Usiulize alishinda au alishindwa. Uliza alizidi chama chake kwa kiasi gani. Kwenu Minnesota, 2016 Hillary Clinton alishinda kwa pointi 1.5. Mwaka 2018 Klobuchar alishinda useneta katika jimbo hilohilo kwa pointi 24. Tofauti ni kama 22. Kentucky, Trump alishinda 2020 kwa pointi 26. Mwaka 2023 Andy Beshear wa Democratic akashinda tena ugavana kwa 5. Tofauti 31. Hizi ni kura halisi zilizohesabiwa, kwa hiyo nazipa uzito kuliko utafiti wowote wa ana kwa ana.

Hata hivyo usizibebe zote kwenda nazo Washington. Steve Bullock alishinda ugavana wa Montana 2016 kwa pointi 4, siku ileile Trump alipochukua jimbo hilo kwa 20. Hakuna aliyekuwa na rekodi nzuri zaidi ya kuuzika katika mchujo wa 2020. Akajiondoa tarehe 2 Desemba 2019 bila hata kufika Iowa. Mwaka uliofuata akagombea useneta hapohapo Montana akashindwa kwa pointi 10, maana kwa gavana watu huangalia barabara na shule, kwa seneta na rais huangalia chama. Mimi huikata tofauti ya gavana angalau nusu kabla ya kuitumia.

Wa tatu ni umbali wa kisera kutoka katikati. Mtafiti Andrew Hall alichunguza michujo ya Bunge la Wawakilishi ambapo mgombea mwenye msimamo mkali alimpita mwenye msimamo wa kati kwa kura chache tu. Kwa wastani chama kilichompata mwenye msimamo mkali kilipoteza pointi 9 hadi 13 kwenye uchaguzi mkuu. Shemeji yako ana haki ya kuitaja. Lakini hiyo ni ya wabunge ambao wengi hawajulikani. Urais una mgombea mmoja anayetazamwa kila siku kwa mwaka mzima, na mwaka 2016 wakubwa wa Republican waliosema Donald Trump hauziki, wakiwaonyesha watu tafiti zilizompa mpinzani wake John Kasich ushindi mnono zaidi dhidi ya Clinton, walimwona akiapishwa. Mwaka 2004 nao Wademokrati walimwacha Howard Dean aliyewachangamsha, wakamchukua John Kerry kwa sababu alikuwa mwanajeshi wa Vietnam mwenye nishani na "angefaa dhidi ya Bush". Agosti yakaja matangazo ya kuishambulia rekodi hiyohiyo ya Vietnam, na Novemba Kerry akashindwa. Sifa iliyomfanya auzike ndiyo iliyolengwa kwanza.

Wa nne, na kwangu wenye nguvu kuliko yote, ni matokeo ya majimbo yanayotangulia. Si kwa sababu ya wajumbe wao, ambao ni wachache. Ni kwa sababu ndipo makisio yanapokutana na kura. Mgombea anayesema atapata Weusi, ameshawapata wapi? Anayesema atapata vijiji, vipi vijiji vya majimbo hayo? Yasome hivyo, kundi kwa kundi, kuliko kusoma tu nani wa kwanza.

Halafu kuna kanuni, na hapa watu hupoteza kura zao kweli kuliko kwa kumchagua asiyeuzika. Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, lakini kwa kizingiti cha asilimia 15, jimboni na katika kila wilaya ya ubunge. Aliye chini ya hapo hapati kitu. Tuseme wilaya ina wajumbe sita na kura ziko hivi: A 30, B 20, C 14, D 13, E 13, wengine 10. Waliovuka ni A na B peke yao. Jumla yao ni 50. A anachukua 30 juu ya 50 ya wajumbe sita, yaani 3.6; B 2.4. Kila mmoja anapewa namba kamili, 3 na 2, na mjumbe aliyebaki anakwenda kwa mwenye sehemu kubwa iliyosalia, yaani A. Matokeo: A wanne, B wawili. Mtu mwenye asilimia 30 ya kura kabeba theluthi mbili ya wajumbe, na nusu ya wapiga kura hawana mjumbe. Hivyo ndivyo Sanders angeweza kufika mbali kama uwanja ungebaki umejaa, na ndiyo maana kujiondoa kwa Buttigieg na Klobuchar kabla ya Jumanne Kuu kulikuwa na uzito kuliko tangazo lolote la televisheni. Bilionea Michael Bloomberg, mgombea mwingine, alimwaga zaidi ya dola milioni 500 kwenye matangazo na kampeni, akashinda American Samoa tu. (Republican wana kanuni tofauti: South Carolina 2016 Trump alipata asilimia 32.5 na wajumbe wote 50.)

Kwa hiyo neno la shemeji yako, "kutupa kura", lina maana moja tu sahihi kwenye mchujo wa Democratic: kumpigia mtu ambaye hatafika 15 pale unapopiga. Hilo halihusiani kabisa na Novemba.

Na hapa nikuombe usifanye haraka. Minnesota inaruhusu kupiga kura mapema, siku 46 kabla. Mwaka 2020 ilianza tarehe 17 Januari, kabla hata ya Iowa. Waliompigia Klobuchar mapema kwa moyo mmoja waliamka tarehe 3 Machi mgombea wao ameshajiondoa, asilimia 5.6 za jimbo zilibaki kwa jina lake bila mjumbe. Kulikuwa na nafasi ya kuomba karatasi yako ifutwe upewe nyingine, lakini muda huo uliisha wiki moja kabla ya siku ya kura, kabla ya South Carolina. Ukiwa na wagombea watano au sita uwanjani, kaa na karatasi yako hadi siku za mwisho, kisha ipeleke kwa mkono badala ya posta. Lakini kama una safari, zamu ya usiku au mtoto mgonjwa na unahofia kutofika, piga mapema: kura iliyoingia ina faida kuliko iliyobaki mezani.

Ningekuwa nakuelekeza hatua kwa hatua, ningesema hivi. Miezi mitatu kabla, andika majina matatu kwa mpangilio wa unavyowapenda, bila kumsikiliza mtu. Fimbo ya miujiza mkononi. Baada ya majimbo matatu au manne ya mwanzo, futa waliojiondoa, kisha futa asiye na dalili ya kufika 15 Minnesota. Wakibaki wawili, ndipo umpe nafasi shemeji yako: linganisha rekodi zao mahali pagumu, na makundi waliyokwisha kuyapata kwa kura halisi. Tofauti ikiwa kubwa na ya wazi, ifuate. Ikiwa ni ya pointi mbili tatu za tafiti, itupe, umchague umpendaye, kwa sababu hapo hesabu haina la kukuambia. Mara nyingi itakuwa hivyo.

Jambo moja kuhusu Novemba yenyewe, ili msidanganywe na namba za kitaifa. Mwaka 2020 Biden alimzidi Trump kwa kura zaidi ya milioni 7 nchi nzima. Lakini Arizona alishinda kwa 10,457, Georgia kwa 11,779, Wisconsin kwa 20,682. Jumla haifiki 43,000, na hizo zingegeuka, kura za wajumbe wa uchaguzi, zinazotolewa jimbo kwa jimbo na ndizo humpata rais, zingekuwa 269 kwa 269. Mtu akikuambia fulani anauzika, mwambie akuonyeshe Wisconsin, jirani zenu.

Siku ya kura utaulizwa unataka karatasi ya chama gani. Chagua moja, chama ulichochagua huandikwa kwenye kumbukumbu, uliyempigia hubaki siri. Na kama majina yako yote matatu yameshaondoka, bado nenda. Chama kinaweza kuweka kwenye karatasi nafasi ya wasiofungamana na mgombea yeyote, na kanuni ya asilimia 15 inaihesabu kama jina. Mwaka 2024, watu waliokuwa na uchungu wa vita vya Gaza, wakiwemo majirani zako wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, waliweka alama hapo. Ilifika karibu asilimia 19, ikavuka kizingiti, na Minnesota ikapeleka wajumbe 11 wasiofungamana kwenye mkutano mkuu wa Chicago.